Once Upon a Time: Regina, mama wa kambo aliyepewa nafasi ya kusikilizwa

MkaaPwani (mleta uzi)

Wapenzi wa tamthilia, salaam kwenu nyote.

Juma lililopita nilimaliza kuitazama Once Upon a Time kwa mara ya tatu, misimu yote saba yenye sehemu 155, na nimeona si vyema nikae na furaha yake peke yangu. Ambaye hajaitazama na angependa kuionja bila kujua yatakayojiri, namwomba aishie hapa, kwa kuwa nitayataja ya mwanzo, ya kati na ya mwisho.

Kwa walioisahau, tamthilia hii ilianza kuonyeshwa na kituo cha ABC cha Marekani tarehe 23 Oktoba 2011 na ikafika tamati tarehe 18 Mei 2018. Walioibuni ni Edward Kitsis na Adam Horowitz, waliokuwa miongoni mwa waandishi wa tamthilia ya Lost, na aliyeitazama Lost ataitambua mikono yao mara moja kwa jinsi kisa kinavyokwenda mbele na kurudi nyuma ndani ya sehemu moja. Wahusika wa ngano tulizosomewa utotoni wametupwa na laana katika mji mdogo uitwao Storybrooke, jimboni Maine, na wamesahau wao ni nani. Snow White anafundisha shule ya msingi. Rumplestiltskin ana duka la vitu vya rehani, na karibu mji mzima ni wapangaji wake. Malkia Mwovu ndiye meya. Saa ya mnarani imesimama saa mbili na robo, na kwa miaka 28 hakuna anayezeeka wala anayejiuliza kwa nini hazeeki, mpaka mtoto wa miaka kumi aitwaye Henry, anayelelewa na meya huyo, anapofunga safari hadi Boston kumtafuta Emma Swan, mwanamke aliyemzaa, na kumleta mjini. Emma anapokubali kukaa juma moja tu, mshale wa saa unasogea dakika moja. Nimeuona mshale ule ukisogea mara tatu sasa, na mara zote tatu nimejikuta nimeketi wima kitini.

Ninalotaka tulizungumze ni Regina, yule Malkia Mwovu, mama wa kambo wa Snow White.

Sisi tuliokulia kwenye hadithi za baada ya chakula cha usiku tunajua kwamba mama wa kambo akishatajwa, kesi imekwisha. Bibi akisema "Paukwa", tukaitika "Pakawa", haukupita muda mke wa kwanza alikuwa amefariki, baba ameoa mwingine, na mtoto yatima anakula ukoko huku wenzake wakila wali. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza: huyu mama wa kambo aliingiaje katika nyumba ile? Alitaka kuolewa, au aliozwa? Kabla ya kuwa mama wa kambo alikuwa binti wa nani? Ngano ya Snow White nayo ni hivyo hivyo. Malkia ana kioo, ana wivu, ana tofaa lenye sumu, na hatutakiwi kujua zaidi ya hapo.

Sehemu ya 18 ya msimu wa kwanza, The Stable Boy, ndiyo iliyouliza. Humo Regina ni msichana anayependa farasi na anayempenda kwa siri Daniel, kijana wa mazizini. Siku moja anamwokoa mtoto aliyekuwa juu ya farasi aliyekurupuka na kushindwa kuzuilika. Mtoto yule ni Snow, binti wa Mfalme Leopold, na mfalme, kwa shukrani na kwa kuwa anamtafutia binti yake mama, anakuja kuposa. Cora, mama yake Regina, anaitikia posa kabla binti hajafumbua kinywa. Regina na Daniel wanapanga kutoroka, Snow anawafumania, anaambiwa siri na kuahidi kuitunza, kisha anaitoa kwa Cora, si kwa ubaya, bali kwa sababu yeye mwenyewe amefiwa na mama na hawezi kuvumilia kuona mwingine akitengana na wake. Usiku ule Cora anaung'oa moyo wa Daniel kifuani na kuusaga kwa mkono mbele ya macho ya binti yake.

Tazameni jinsi jambo hili lilivyosukwa. Aliyeua ni Cora, lakini chuki ya Regina haimwendei Cora, inamwendea mtoto, kwa sababu Regina anamwogopa mama yake, na mtoto hamwogopi. Sijui kama kuna ngano yoyote iliyowahi kueleza uonevu wa watoto kwa ukweli kama ule. Tangu hapo, kila Lana Parrilla, mwigizaji wa Regina, alipotokea akiwa amevaa mavazi yake meusi na kola ndefu, na sauti ile ya kuamrisha, mimi nilikuwa namwona msichana wa mazizini amesimama nyuma yake.

Raha yenyewe nimejaribu kuitafutia maneno. Ngano tunaijua. Tunajua kwamba kioo kitasema, tofaa litaumwa, na msichana atalazwa ndani ya jeneza la kioo. Kwa hiyo hatungojei kujua kitakachotokea, tunangojea kuona waandishi watapitia njia gani kukifikia. Kioo kinachosema tumekisikia tangu utotoni, lakini nani alijua kwamba ndani yake amefungwa jini wa Agrabah, nchi ya ngano ya Aladdin, aliyempenda Malkia, akamuua mfalme kwa ajili yake, kisha akatumia ombi lake la mwisho kutaka awe mbele ya uso wa Malkia daima? Nilipoiona sehemu ile nilipiga makofi sebuleni nikiwa peke yangu. Ni furaha ile ile tuliyokuwa nayo tulipomsikia bibi akisimulia hadithi tuliyoijua kwa moyo, kisha ghafla akaongeza mto ambao jana haukuwapo.

Nawauliza: nanyi raha yenu iko kwa Regina, au iko kwingine? Na mnaona alistahili mwisho aliopewa?

Kibatari

Mkuu MkaaPwani, ahsante kwa uzi huu, nimeungoja kwa miaka.

Regina nampenda, lakini kwangu mimi nguzo ya nyumba ni Rumplestiltskin, na siamini kwamba tamthilia ingefika hata msimu wa tatu bila Robert Carlyle aliyemwigiza. Katika ngano ya Wajerumani yeye ni kijitu kinachosokota mabua kuwa dhahabu na kudai mtoto kama ujira, basi. Humu waandishi wamemchukua na kuziba naye mapengo ya ngano nyingine. Katika sehemu ya nne ya msimu wa kwanza anamuua yule mwenye fimbo ya kheri aliyekuja kumsaidia Cinderella, kisha anampa Cinderella gauni na viatu yeye mwenyewe, kwa mkataba ambao msichana anautia sahihi bila kuusoma. Kwa Belle, msichana wa ngano ya Beauty and the Beast, yeye ndiye lile jitu la kutisha kasrini. Kwa Captain Hook, haramia wa kisa cha Peter Pan, yeye ndiye mamba. Kila ngano tuliyodhani tunaijua ilikuwa na mtu huyu amejificha nyuma ya pazia, na kila alipofichuliwa nilipata furaha ya mtu aliyeokota ufunguo wa chumba alichokipita kila siku.

Carlyle alimcheza kama watu wawili. Msituni, kule kwenye ulimwengu wa ngano kabla ya laana, ana ngozi inayometameta, anacheka kwa sauti nyembamba, na vidole vyake havitulii. Storybrooke yeye ni Bwana Gold, amevaa suti, anatembea kwa fimbo, na hainui sauti hata anapotisha. Halafu kuna nyakati chache ambapo yule wa pili anachungulia machoni mwa wa kwanza, na hapo ndipo mtu anapoona kazi ya mwigizaji.

Sehemu ya 12 ya msimu huo huo, Skin Deep, naikumbuka kila undani. Belle anaangusha kikombe, kinapata pengo ukingoni, anaomba radhi huku anatetemeka, na yule bwana wa kuogofya anamjibu kwamba ni kikombe tu. Baadaye, akiwa amemfungia ndani kwa kutoamini kwamba kuna anayeweza kumpenda, anavunja vyombo kabatini kimoja baada ya kingine mpaka anafika kwenye kikombe kile chenye pengo, na mkono unasita. Hakuna neno linalosemwa. Ninacho kikombe cha namna hiyo nyumbani, chenye pengo dogo, na nimewaomba watu wa nyumbani wasikitupe.

Msomaji_wa_Dodoma

Mleta uzi umesema kwamba ngano ya Snow White inamhukumu mama wa kambo bila kumsikiliza. Naomba niongeze jambo ambalo lilinifanya niitazame tamthilia hii kwa jicho jingine.

Ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, walipochapisha mkusanyo wao wa ngano kwa mara ya kwanza mwaka 1812, malkia aliyemwonea wivu Snow White hakuwa mama wa kambo hata kidogo. Alikuwa mama mzazi, yule yule aliyeketi dirishani wakati theluji inaanguka, akatamani kupata mtoto mweupe kama theluji, mwekundu kama damu na mweusi kama mpingo. Ni katika toleo la mwaka 1819 ndipo mama mzazi alipofishwa mara tu baada ya kujifungua na mama wa kambo akaletwa abebe uovu wote. Hansel na Gretel nao yaliwapata hayo hayo: mwanzoni aliyetaka waachwe msituni alikuwa mama yao mzazi, na matoleo ya baadaye yakamgeuza kuwa mama wa kambo. Ngano ilishindwa kustahimili wazo kwamba aliyekuzaa anaweza kukuangamiza, basi mzigo ukashushwa kwa mke wa pili, naye ndiye aliyevikwa viatu vya chuma vilivyopashwa moto na kuchezeshwa mpaka akafa.

Sasa mrudieni Cora. Waandishi wa tamthilia hawakuridhika na kumtetea mama wa kambo. Wamekwenda nyuma yake na kumrudisha yule mama mzazi wa mwaka 1812 aliyekuwa amefutwa. Cora ni mama mzazi anayemla mwanawe. Na wakampa naye kisa chake: katika sehemu ya 16 ya msimu wa pili, The Miller's Daughter, tunajua kwamba ndiye binti wa msaga nafaka aliyefundishwa na Rumplestiltskin kusokota mabua, na kwamba aliung'oa moyo wake mwenyewe na kuuweka kando ili mapenzi yasimzuie kupanda cheo. Alimlea Regina bila moyo, na hapo sitii chumvi, ndivyo kisa kilivyo. Moyo unaporudishwa kifuani mwake, tayari una sumu, na anazo pumzi chache tu za kumtazama binti yake na kumwambia kwamba angemtosha. Barbara Hershey, aliyemcheza Cora, alitoa maneno yale kwa sauti ya mtu anayeshangaa, kama aliyefungua sanduku alilolibeba maisha yake yote na kukuta ndani kitu alichokuwa akikitafuta nje.

Kwa hiyo MkaaPwani, unapouliza raha iko wapi, kwangu mimi iko katika kuona kwamba walioandika walizisoma ngano hizi kwa makini kuliko tulivyozisoma sisi.

Mlezi_wa_Watatu

Nawasalimu wote. Kwa kawaida huwa nasoma tu na kupita, lakini leo nimeshindwa.

Nawalea watoto watatu, wawili ni binti zangu wa kuwazaa, na mmoja ni mtoto wa kiume wa marehemu dada yangu, ambaye nimekuwa naye tangu akiwa na miezi saba. Sasa ana miaka 13. Tamthilia hii tuliitazama pamoja, Jumamosi jioni, sehemu mbili mbili, na mimi nikiwatafsiria pale Kiingereza kilipowazidi.

Msimu wa kwanza kijana wangu alikuwa upande wa Emma moja kwa moja. Henry alipomwambia Regina kwamba yeye si mama yake, kijana alitikisa kichwa kukubaliana naye, na mimi nikainuka nikaenda jikoni nikijifanya natazama chungu. Hakujua. Alikuwa anafuata kisa kama kilivyoelekezwa: Emma ni shujaa ana koti jekundu na gari la njano, Regina ni mchawi. Lakini mimi nilikuwa nimeshayasikia maneno ya Regina katika sehemu ya kwanza kabisa, pale anapomkumbusha Emma kwamba kwa miaka kumi yeye ndiye aliyebadilisha nepi, aliyetuliza homa, aliyevumilia hasira za mtoto. Mchawi au si mchawi, maneno hayo ni ya kweli, na wahenga wameyasema kabla yake: kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Mtakumbuka jinsi msimu wa kwanza unavyokwisha. Regina anaoka andazi la tofaa lenye sumu kwa ajili ya Emma, na Henry analila ili kumthibitishia Emma kwamba uchawi upo. Pale hospitalini, madaktari wakiwa wameshindwa, Emma anambusu mtoto kwenye paji la uso na laana inavunjika mji mzima. Nilifurahi kwamba busu la pendo la kweli, ambalo katika ngano zote ni la mwana wa mfalme kwa msichana aliyelala, hapa ni la mama kwa mwanawe. Lakini moyoni nilisema: basi ndiyo hivyo, aliyezaa ameshinda.

Halafu ukaja msimu wa tatu. Katikati yake Regina analazimika kumwachia Henry aende zake na Emma, akijua kwamba mtoto atamsahau kabisa, na jambo la mwisho analofanya ni kuwapa wote wawili kumbukumbu nzuri za maisha ambayo hawakuwahi kuishi, kana kwamba Emma hakuwahi kumtoa mtoto yule hata siku moja. Mama mlezi amejifuta mwenyewe na kumwekea mwingine miaka kumi mahali pake. Sehemu ile nililia wazi, mbele ya watoto, sikwenda jikoni. Na kama mwaka mmoja baadaye katika kisa, katika sehemu iitwayo A Curious Thing, imewekwa laana nyingine, Henry amerudi na kumbukumbu zake, na anayembusu ni Regina. Busu lile lile, kwenye paji lile lile la uso. Laana ikavunjika.

Kijana wangu aligeuka akanitazama, akasema, "Mama mdogo, kumbe wote wawili."

Sijui kama Edward Kitsis na Adam Horowitz walimkusudia mtu kama mimi walipoandika. Mimi nimeipokea kama iliyoandikwa kwa jina langu.

Kijana_wa_Mlimani

Mimi raha yangu iliisha msimu wa nne, mwaka 2014, walipomleta Elsa wa Frozen. Filamu ile ilikuwa imetoka mwaka mmoja tu kabla, na wahusika wakaletwa na mavazi yao na nyimbo zikiwa bado masikioni mwa watu. ABC ni mali ya Disney, kwa hiyo ruhusa haikuwa tatizo, lakini ngano iliyotoka jana haina mapengo ya kuzibwa. Kofia Nyekundu walimchukua wakatuambia kwamba mbwa mwitu ni yeye mwenyewe. Peter Pan wakatuambia ni baba yake Rumplestiltskin. Elsa wakatuambia ni Elsa.

Mzee_wa_Mizani

Nimesoma yote kwa makini, na dada Mlezi_wa_Watatu nakupa pole na hongera kwa pamoja. Hata hivyo sitakuwa mkweli nikiondoka hapa bila kusema linalonikera.

Mnamzungumzia Regina kama mtu aliyeonewa, na ni kweli alionewa. Lakini kusikilizwa ni haki ya kila mshtakiwa, na kuachiwa ni jambo jingine. Mnamkumbuka Graham? Yule mwindaji aliyetumwa kumuua Snow White msituni, akamhurumia, akarudi na moyo wa paa dume akidhani utapita, na Malkia akamng'oa moyo wa kwake na kuufungia kisandukuni. Kwa miaka 28 Storybrooke alikuwa mkuu wa polisi wa mji mchana na usiku alikuwa anaitwa kitandani kwa meya, na hakuwa na uwezo wa kukataa kwa sababu moyo wake ulikuwa mikononi mwa aliyemwita. Siku alipoanza kukumbuka, na kumbusu Emma kwa hiari yake, Regina aliusaga moyo ule. Hiyo ni sehemu ya saba tu ya msimu wa kwanza, na kwangu mimi ni kifo cha kusikitisha kuliko vyote vilivyofuata. Ongezeni kijiji alichoamuru watu wake wauawe kwa kosa la kumficha Snow. Ongezeni Belle aliyefungiwa chini ya hospitali miaka yote ile.

Mwishoni, tarehe 18 Mei 2018, anavikwa taji, anaitwa Malkia Mwema, na Snow yupo anafurahi. Wafu wa kijiji kile hakuna aliyewauliza kama wanamtaka. Nilizima runinga nikiwa na uchungu, si kwa sababu naichukia tamthilia, bali kwa sababu naipenda, na nilitaka ishikilie ukweli wake mpaka mwisho.

MkaaPwani (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo, na nimekusikia. Hoja yako ya Graham sina jibu la kuipangua, na sitajaribu. Naona kosa hapo ni la waandishi. Walipompa Regina msamaha wa Snow, wa Emma na wa Henry, walimpa msamaha wa watu ambao bado wana vinywa vya kusemea. Graham hawakumrudia ipasavyo, wala hawakumfanya Regina aseme kwa sauti alichomfanyia. Jamie Dornan, aliyemcheza, aliondoka, mhusika akafa, na jambo likafunikwa. Hilo ni pengo, na si pengo la kikombe cha Kibatari ambalo mtu analipenda.

Ila naomba nikukumbushe misimu ya tano na ya sita, ambayo wengi huipita haraka. Mwishoni mwa msimu wa tano Regina amechoka kupigana na ubaya wake, basi anakunywa dawa ya Daktari Jekyll na kujigawa: Malkia Mwovu anatoka nje yake akiwa mtu kamili, naye Regina anausaga moyo wa Malkia yule akidhani amemaliza. Nilipoiona mara ya kwanza nilikasirika. Niliona wamempa njia ya mkato ya kusema kwamba aliyeua kijiji hakuwa yeye. Lakini Malkia hakufa. Alirudi, akasumbua karibu msimu mzima, na katika sehemu iitwayo Page 23 Regina anafika mahali pa kumwangamiza kabisa, ana uwezo na ana sababu, na badala yake anaugawa moyo wake: anachukua sehemu ya giza la Malkia na kulirudisha ndani yake, na kumpa Malkia sehemu ya upendo alioupata kwa Henry na kwa wengine. Anasema, kwa tendo, kwamba uovu ule ulikuwa wake na unaendelea kuwa wake. Ndilo jambo lililo karibu zaidi na kukiri ambalo tamthilia hii ilimpa, na Lana Parrilla alilicheza akiwa amesimama mbele ya nafsi yake, nyuso zote mbili zake, na niliweza kuzitofautisha kwa macho tu.

Hilo halimfufui Graham. Lakini ndilo lililonifanya niweze kuitazama siku ya taji bila kugeuza uso.

Msomaji_wa_Dodoma, habari yako ya mwaka 1812 na 1819 imenikosesha usingizi kwa namna njema. Nilikuwa nimeitazama mara tatu bila kuona kwamba Cora alikuwa ndiye aliyefutwa.

Na Kijana_wa_Mlimani, kuhusu msimu wa nne nakubaliana nawe kwa sentensi uliyomalizia nayo.

Nyota_ya_Kaskazini

Naingia nikiwa nimechelewa. Ninaishi Vancouver, Kanada, na nimeona niwaletee kitu kidogo, kwa kuwa tamthilia ilipigwa picha huku, si Maine. Mitaa ya Storybrooke ni ya Steveston, kijiji cha wavuvi kilichoko Richmond, kwenye mlango wa mto Fraser. Zamani kiliishi kwa viwanda vya kutia samoni kwenye makopo, na kimoja kilichojengwa mwaka 1894 bado kipo, sasa ni makumbusho. Makasri ya msituni mengi yalichorwa kwa kompyuta huku waigizaji wakisimama mbele ya pazia la kijani, lakini mtaa wa mji ni mtaa wa kweli, una maduka, una harufu ya bahari, na watu wananunua mkate.

Nilikwenda mara ya kwanza siku ya mvua. Nilisimama upande wa pili wa Moncton Street, mbele ya jengo ambalo katika tamthilia lilikuwa duka la Bwana Gold, na mama mmoja mzee aliyekuwa anapita akanitazama, akatabasamu, akaniambia kwamba si mimi wa kwanza kusimama pale. Tukazungumza nusu saa tukilowa. Yeye alikuwa anampenda Snow White na Prince Charming, na aliniambia kwa furaha kubwa, kana kwamba ni habari za jirani zake, kwamba Ginnifer Goodwin na Josh Dallas, waliowaigiza, walioana kweli mwaka 2014. Nilimuuliza kuhusu Regina. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba hakuwahi kumsamehe, na kwamba hakuwahi kukosa sehemu hata moja aliyokuwamo.

Mzee_wa_Mizani

Marahaba, MkaaPwani. Hiyo Page 23 niliitazama mara moja tu, tena nikiwa na hasira za msimu uliotangulia, na sasa naona niliitazama vibaya. Nitairudia, na nitairudia pia ya 18 ya msimu wa kwanza, kwa kuwa jinsi ulivyoieleza nimehisi kwamba yule msichana wa mazizini mimi sikumwona vizuri.

Nawe nina ombi. Kabla hujarudi kwenye taji, irudie sehemu ya saba. Itazame mpaka pale Emma anapomshika Graham anaanguka sakafuni, na usiiruke.

MkaaPwani (mleta uzi)

Nimekubali, mzee wangu. Naiweka leo baada ya isha.